Mgeni wa Mama

Mama yangu alinipa shikamoo. Hilo ndilo jambo la kwanza lililonipata nyumbani, hata begi sijalishusha. Kaka alikuwa amekuja kunichukua stendi asubuhi ile ya baridi, tukaenda nyumbani Ruhuwiko kwa pikapu yake, vioo tumevifunga kwa sababu ya ukungu, na njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi kichwani: nitapiga magoti hivi, nitasema shikamoo mama hivi, nitajizuia nisilie mbele ya majirani. Basi mlango ukafunguliwa. Mama akatoka akijifuta mikono kwenye kanga, amepungua mwili kuliko nilivyomwacha, akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia yangu ya sufu, akakunja magoti kidogo kama mwanamke anavyomkunjia aliyemzidi umri, akasema, "Shikamoo, mama."

Watu wote wakacheka. Mdogo wangu, ambaye ndiye anayeishi na mama, akapiga makofi akaniambia niitikie basi, mbona nasalimiwa. Mimi nilisimama nimeshika mkanda wa begi. Maneno yote niliyokuwa nimeyapanga yalikuwa ya mtoto, na hapa nilikuwa nimepewa zamu ya mzazi. Nikasema, "Asante." Wakacheka tena. Kaka akasema huyu ameshakuwa Mzungu, na mama akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniingiza sebuleni, akanikalisha kwenye kochi lenye kitambaa cha kufuma, lile ambalo enzi zetu mtoto akilikalia anatandikwa.

Ile shikamoo haikuwa wazimu, na ni lazima niseme hivyo mapema. Mimi nina jina la bibi, yaani mama yake mama. Kwetu jina la mtu mzima linakuja na heshima zake. Tangu nikiwa kichanga mama alikuwa ananiita "mama", na siku akiwa na furaha, au akitaka kunibembeleza ninywe dawa chungu, alinipa shikamoo, nami nilitakiwa kuitikia "Marahaba, mwanangu" kwa sauti nzito ya kibibi huku nimeshika kiuno. Ulikuwa mchezo wa nyumba nzima. Lakini ulikuwa mchezo wa mtoto mdogo. Tangu nimekuwa mtu mzima sikumbuki kuusikia, na huko Ulaya nilikokaa karibu miaka kumi hakukuwa na mtu wa kunikumbusha. Kwa hiyo pale mlangoni sikujua kama mama ananitania, ananibembeleza, au ameniona mwanamke mgeni mwenye kofia ya sufu akaamua kuwa na adabu.

Kilichonitisha ni hiyo adabu. Huko nilikuwa nalea wazee, kwenye nyumba yao maalumu, ghorofa ya pili, ambako walikaa wale ambao kumbukumbu zimeanza kuwaponyoka. Kila asubuhi nilikuwa mtu mpya. Bibi mmoja aliniita dada yake, mwingine alikuwa akiniuliza nimekuja lini kutengeneza jiko. Nilijifunza jambo moja pale ambalo hakuna aliyenifundisha darasani: mtu anayesahau hujificha kwenye adabu. Asipokukumbuka anakukaribisha vizuri, anakuuliza hali, anasifia nguo yako, anakupa kiti. Adabu haihitaji kujua jina la mtu. Wazee waliokuwa wananitukana ndio niliokuwa na uhakika kwamba wananijua.

Basi tangu siku ile nilitaka kujua kitu kimoja tu: mama yangu ananijua, au ananikaribisha?

Siku za mwanzo nilikula kama mkwe. Ugali wangu ulikuja peke yake, umefunikwa, na sahani ya kuku yenye firigisi juu, na maji ya kunawa nikimiminiwa. Huko jikoni wenzangu walikuwa wanakula dagaa wa Nyasa na likolo la majani ya maboga, mboga ambayo ndiyo niliyoiota miaka yote ya baridi. Nilisikia wanavyoramba vidole. Nikiinuka kwenda kuosha vyombo mama ananirudisha: kaa, mama, umechoka na safari. Safari yenyewe ilikuwa imeshapita wiki. Maji yangu ya kuoga yalichemshwa na kupelekwa bafuni kabla sijaamka, na taulo jipya juu ya kamba. Mtu mwingine angeshukuru. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, nikaanza kuchukia firigisi.

Na kwa haki yote, mimi mwenyewe sikuwa sawa. Nilipokwenda sokoni kwa mara ya kwanza nilitazama upande niliouzoea huko kabla ya kuvuka barabara, na bodaboda iliyotoka upande wa pili nusura iniweke kwenye mtaro. Nilisimama bombani uani nikiwa nimefungua koki, nasubiri maji yawe ya moto. Nilimpigia simu jirani yetu, mama mmoja aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto, kumwuliza kama ninaweza kwenda kumsalimia Jumamosi, naye akakata simu akampigia mdogo wangu kumwuliza kuna msiba gani. Nilifunga mlango wa mbele kwa funguo mchana kweupe, watu wa jumuiya wakapiga hodi wakadhani tumehama. Maneno yalinipotea. Nilimwambia mdogo wangu anipe kile kitu cha kupepetea, kile cha mviringo, akanitazama akasema, "Ungo, dada?" Kama ningekuwa mzee wa ghorofa ya pili, ningekuwa nimejihamishia ghorofa ya tatu, kwa waliozidiwa.

Usiku nililala na koti na bado nikatetemeka, mimi niliyetoka kwenye theluji. Huko baridi inabaki nje na nyumba ina moto wake. Songea mwezi wa saba baridi inaingia na kukaa nawe kitandani. Nilikuwa nimeisahau kabisa. Nikalala nikijiuliza, kama mimi nimesahau baridi ya kwetu na jina la ungo, kwa nini nimlaumu mama kwa kusahau. Halafu nikajijibu kwamba mimi sijamsahau yeye, na usingizi ukakatika.

Jambo la kusindikizwa ndilo lililonivuruga zaidi. Ilikuwa Jumapili. Asubuhi wakati wa chai nilikuwa nimesema labda mchana nitakwenda Mjimwema kwa kaka. Baadaye nikaghairi, nikajilaza na simu yangu, na sikumwambia mtu. Alasiri mama akaja sebuleni amebadilisha kanga, mkononi ana mfuko wa karanga mbichi.

"Haya mama," akasema, "jua linakwenda. Twende nikusindikize."

Niliinuka. Sijui kwa nini niliinuka. Nadhani mtu akiambiwa kwa upole namna ile miguu inatii kabla ya kichwa. Tukatoka. Mama alitembea mbele kidogo, taratibu, akisalimiana na kila mtu barazani kwake, na walipomwuliza anakwenda wapi alisema anamsindikiza mgeni. Walinitazama, wakanitabasamia. Alinieleza njiani habari za kila nyumba: huyu amejenga, huyu amefiwa, yule mwanawe amekwenda Hanga kwa wamonaki. Mambo yote yalikuwa sahihi. Nilikuwa nikiyapima moja moja kwa yale aliyonisimulia mdogo wangu, na hakukosea hata jina la mtoto.

Tulipofika njia panda, pale bodaboda wanapoegesha, akasimama. Akanipa mfuko wa karanga, akanishika mkono akautikisa. "Wasalimie nyumbani," akasema. "Waambie na sisi tupo." Kisha akageuka, akajifunga kanga vizuri, akarudi zake bila kutazama nyuma, kama inavyotakiwa, maana anayemsindikiza mgeni akisimama kumtazama anamchelewesha.

Nikabaki pale na karanga. Kijana wa bodaboda akaniuliza tunakwenda wapi, mama. Ni swali jepesi kuliko yote ambayo mtu wa bodaboda anaweza kuuliza, na nilisimama mbele yake nikitafuta jina la mahali. Mwishowe nikamwambia natembea, nikazunguka kwa njia ya chini, nikatokea nyuma ya nyumba yetu kwenye migomba, nikakaa juu ya jiwe la kufulia mpaka jua lilipokaribia kuzama. Nilipoingia uani mama alikuwa anachagua mchele. Akainua macho akasema, "Karibu, karibu. Umerudi?"

Nilimtazama usoni. Kwenye uso wa mama kulikuwa na furaha ya kweli. Lakini furaha ya kumwona nani, sikuweza kuisoma.

Mdogo wangu nilipomweleza hakuona la ajabu. Wewe mwenyewe ulisema unakwenda Mjimwema, akanijibu. Mama akasikia, akakutayarishia karanga za kumpelekea kaka, akakusindikiza. Ulitaka akufanyeje, akufukuze? Nikamwuliza, na hilo la kuwasalimia nyumbani? Akasema nyumbani kwa kaka si nyumbani? Kila nilichomwonyesha alikuwa na maelezo yake, na maelezo yake yote yalikuwa na akili. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Katika kitu kile kile, yeye anamwona mama, mimi nauona ugonjwa.

Nikaamua kumpima. Ghorofa ya pili tulikuwa na maswali yetu, unayauliza katikati ya mazungumzo ili mzee asijione yuko mahakamani. Nikakaa na mama uani akichambua maharage, nikaanza kwa mbali. Leo ni siku gani, mama? Akasema kesho asubuhi kuna jumuiya, kwa hiyo leo ni Ijumaa, na kama nilikuwa sijui basi nisali zaidi. Tuko mwezi gani? Akanyoosha kidole kwenye ukungu uliokuwa bado umekaa juu ya milima ya Matogoro, akaniuliza kama ule ni ukungu wa mwezi wa Krismasi. Nikacheka. Nikaanza kupumua. Nikamwuliza ana watoto wangapi.

"Niliowazaa au niliowalea?"

Nikamwambia aanze na aliowazaa.

"Watatu," akasema, vidole vikiendelea na maharage. "Yuko wa kiume, yuko Mjimwema. Yuko wa kike, huyo yuko Ulaya. Na huyu wa mwisho ninayekaa naye." Akatupa jiwe dogo alilolikuta kwenye maharage. "Maswali yote haya ya nini, unataka kuniandikisha kupiga kura?"

Yuko Ulaya. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda mbele yake, magoti yetu yanakaribia kugusana. Nilichukua maharage nikaanza kuchambua, na alipoona akaninyang'anya ungo kwa upole akaniambia nisijichafue.

Jioni ile tuligombana na mdogo wangu, kimyakimya, kwa sauti za chini, jikoni. Alisema mama ametamka maneno yale kwa miaka yote kwa kila aliyemwuliza, sokoni, kanisani, msibani: yuko wa kike, yuko Ulaya. Ulimi umezoea. Kama mimi nilivyozoea kutafuta maji ya moto bombani. Nikamwambia mimi ninajua ninachokiona. Hapo akaacha mwiko ndani ya sufuria, akanigeukia, na mdogo wangu si mtu wa maneno mengi.

"Dada, wewe ulikuwa unalipwa kuona wagonjwa. Umefika hapa huna mgonjwa, umemchukua mama. Mama anakupa heshima, wewe unampa ugonjwa."

Nikamjibu vibaya. Nilimwambia kwamba anayekaa na mtu kila siku ndiye wa mwisho kuona. Maneno hayo ni ya kweli, niliyasikia mara nyingi kwenye ile kazi, lakini kwake hayakuwa maarifa, yalikuwa kofi. Miaka yote hiyo ni yeye aliyempeleka mama hospitali, ni yeye aliyelala naye chumba kimoja malaria ilipompanda. Mimi nilikuwa sauti kwenye simu, na hata kwenye simu mama alikuwa anasema maneno mawili matatu kisha anasema haya ongea na mwenzio. Hatukusemezana mpaka kesho yake jioni. Mama alitupikia wote wawili chai ya tangawizi na kila mmoja akainywa upande wake.

Wiki iliyofuata tulikwenda Maposeni kuvuna. Mahindi ya mama yalikuwa yamekauka mpaka yameinamisha vichwa, na kaka alikuwa amepata siku moja ya kutubeba na pikapu. Nilikwenda nikiwa na nia ya kumwangalia mama shambani, maana shamba halina adabu, mtu hawezi kujificha ndani yake. Na nikamwona. Alishuka kwenye gari, akavua viatu akavaa vile vya plastiki, akatugawia mistari. Alijua mpaka wa jirani uko wapi bila kutafuta alama. Alijua ni kona ipi nguruwe pori waliingia. Alivunja mahindi kwa mkono mmoja akiyatupa kwenye lundo bila kulitazama, na kila hindi lilitua palepale. Kaka na mdogo wangu walikuwa wanahema nyuma yake.

Mimi sikugawiwa mstari. Mama alikuwa amenibebea mkeka. Aliutandika kwenye kivuli cha kibanda, akaweka chupa ya chai pembeni, akaniambia, "Kaa hapo, mama, utuangalie."

Nilikaa kidogo. Nikamimina chai. Nikaona mtoto wa mama yangu, yaani mimi, mwanamke mzima mwenye mikono miwili, ananywa chai kwenye mkeka wakati mama mtu ana mgongo umepinda juani. Hasira ikanipanda. Niliinuka nikaingia ndani ya mahindi, majani yakinikwaruza uso, nikamshika mama mkono katikati ya kazi.

"Mama, mimi si mgeni," nikasema. "Mimi ni mwanao. Unanijua mimi ni nani?"

Kaka akaacha kuvunja mahindi. Mdogo wangu akaniangalia kama mtu aliyetukana kanisani. Mama akawaambia wale wawili wapeleke walichovuna kwenye gari. Wakaenda. Mama akakaa juu ya lundo la mahindi, akachukua moja akaanza kulimenya, nami nikasimama mbele yake.

"Nakujua," akasema. "Nilikuzaa mwenyewe, hukuokotwa. Sasa sikiliza. Ulivyoondoka nilikuwa nakungoja. Pasaka nakungoja, Krismasi nakungoja. Gari likipunguza mwendo pale barabarani moyo unanidunda. Nikaumwa, wenzako hawakukwambia. Nikasema hapana, huyu acha awe mgeni. Mtoto unamngoja. Mgeni humngoji. Akija anakula, akiondoka unamsindikiza, unarudi unalala. Nikakuweka hivyo, nikapona." Alitupa maganda pembeni. "Sasa umekuja, na mimi sijajua namna ya kuacha."

Nilipiga magoti pale pale kwenye maganda. Nikasema shikamoo mama, ile niliyoifanyia mazoezi njia nzima kutoka stendi. Akaitika marahaba, kama mama anavyoitika, kwa uchovu kidogo, na akanionyesha mstari uliobaki. "Haya, vunja hayo. Na usiyatupe ovyo kama kaka yako."

Sijawahi kufanya kazi kwa furaha namna ile. Nilivunja mahindi mpaka viganja vikatoa malengelenge, nikakwaruzwa shingo, nikakosea kutupa na mama akanigombeza mara mbili, na mara zote mbili nilitaka kumshukuru. Nilimwomba mdogo wangu radhi tukiwa tunafunga magunia. Hakusema "si nilikuambia", alinisaidia tu kushika mdomo wa gunia, akasema wewe dada una kelele, na ikaisha. Nilijiona mjinga, na ujinga ule ulikuwa mtamu. Nilikuwa nimempima mama yangu kwa kipimo cha ghorofa ya pili, na yeye alikuwa tu amejitibu mwenyewe kwa dawa aliyoijua. Kila kitu kilikaa mahali pake: shikamoo, kochi, karanga, na yule wa kike aliye Ulaya. Njiani kurudi nilikaa nyuma juu ya magunia nikiimba.

Tulifika Ruhuwiko jua halijazama. Kaka akashusha magunia akaondoka, mdogo wangu akaingia jikoni kuchemsha maji, nikabaki na mama kwenye benchi la uani. Nilikuwa najipaka mafuta kwenye viganja. Mama alikuwa amenyoosha miguu, viatu vya plastiki pembeni, ametulia kama mtu aliyeridhika na siku yake. Akaiona mikono yangu, akaichukua, akaigeuza kuitazama.

"Pole," akasema. "Hukuzoea kazi za huku."

Nikamwambia nitazoea. Akakubali kwa kichwa. Akaendelea kunishika mkono, akiusugua kidogo kwa kidole gumba, akitazama upande wa barabara. Kisha akanigeukia kwa ule upole wake.

"Na mama yako," akaniuliza, "anajua kama umeshafika?"

Nilingoja acheke. Nilitafuta kwenye uso wake ule mchezo wetu, nikitafuta ni nani mama na ni nani mtoto katika swali lile, kama kuna upande wowote ambao linaweza kuwa mzaha. Hakucheka. Alikuwa ananisubiri nijibu, kichwa ameinamisha kidogo upande, kama mtu anavyomsubiri mgeni amalize kumeza. Ndani mdogo wangu alikuwa anagonganisha masufuria. Asubuhi ile ile shambani mama alikuwa ameniambia kila kitu kwa akili timamu kuliko yangu, na sasa macho yale yale yalikuwa yananitazama kutoka mbali. Sikujua ni mama yupi kati ya hao wawili niliyekuwa nimekaa naye. Sijui mpaka leo kama ni mwanzo wa kitu au uchovu wa siku moja ya jua.

Huko kazini tulikuwa na kanuni moja: usimbishie mzee, mfuate alipo. Nilikuwa nimeifuata kwa wazee wa watu wengine miaka yote bila shida. Pale kwenye benchi mzee alikuwa wangu.

"Anajua," nikamwambia. "Nimeshinda naye leo."

Mama akashusha pumzi ndefu. Bega lake likalegea likagusa langu, akapandisha kanga yake akanifunika na mimi, maana baridi ilikuwa inaanza.

"Afadhali," akasema. "Maana yule mama anakungoja sana." Kisha akanisogelea, akapunguza sauti kama tunamsengenya mtu aliye chumba cha pili. "Huwa anasema ameacha kungoja. Muongo. Hajaacha hata siku moja."